Nyamizi Amchora Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mbuzi walipokuwa bado wanajuliana hali na watu, paliishi mjane jina lake Nyamizi. Alikuwa na matuta kumi ya viazi vitamu, na hicho ndicho kilikuwa chakula chake chote mpaka mvua nyingine. Ngiri akayavamia. Majirani walimshauri atege mtego, lakini Nyamizi alikumbuka neno la mama yake: mnyama akiiona tabia yake ukutani, huona haya akahama.

Basi akachukua mkaa, akachora kwenye ukuta wa ghala ngiri mwenye meno marefu kama mundu. Ngiri akaja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Huyo simjui. Hayo ni meno, si mimi."

Akala tuta zima.

Siku ya pili Nyamizi akachanganya udongo mwekundu na majivu, akachora ngiri mnene, manyoya ya mgongoni yamesimama. Ngiri akanusa ukuta.

"Huyo simjui. Hiyo ni ngozi, si mimi. Na hilo tumbo, mama, umeliazima kwa kiboko?"

Akala tuta la pili.

Siku ya tatu Nyamizi alijilaza kichakani, akatazama, akatazama, akatazama. Akamwona ngiri akija mbio, mkia wima, kisha akisimama ghafla kana kwamba amesahau anakokwenda. Akamwona akikunja miguu ya mbele, akipiga magoti, aking'oa ndago, yale magugu yanayokaba viazi, na kuyatafuna polepole. Akarudi ukutani, akachora kwa mistari michache tu: magoti chini, mkia juu.

Ngiri akatazama kwa muda mrefu.

"Huyo namjua. Ndiye mimi. Sasa niambie, mama: kwenu anayekuja kwa magoti hufukuzwa?"

Nyamizi akautazama tena ukuta. Kwao apigaye magoti ni mgeni anayeomba, na mgeni hafungiwi mlango. Alitaka kuchora mwizi, mkono wake ukachora mgeni. Akacheka mpaka akaketi chini. Wakapatana: ndago ni za ngiri, viazi ni vya Nyamizi.

Kesho yake matuta yalikuwa safi, hayana gugu hata moja. Kiazi kimoja tu kilikosekana, na kando ya shimo lake palikuwa na alama mbili za magoti.

"Huyu aliomba," akasema Nyamizi. "Ni mimi niliyechelewa kuamka."

Hadithi yangu imeishia hapo. Viazi jivuni vimeiva. Sogeeni, kila mtu achukue chake.