Bwana Upanga na Shimo la Kaa

Hapo zamani za kale, wanangu, ndege walipokuwa bado wanaitana kaka na dada, sululu wawili, ndege wa pwani wenye miguu mirefu, waliishi kando ya mikoko. Mkubwa aliitwa Bwana Upanga, kwa mdomo wake mrefu uliopinda. Mdogo aliitwa Mwanamilia, kwa milia yake ya kichwani. Kwa mbali ungewachanganya. Ukikaribia, mmoja ana mdomo, mwenziwe ana maneno.

Safari ya kwenda kaskazini ilikuwa imekaribia, na ndege asiyenenepa havuki bahari. Mwanamilia alikuwa mbavu tupu. Kila maji yalipokupwa, Upanga alimfukuza kwenye tope lenye chakula.

"Kaka, niachie japo kona. Nitaanguka njiani."

"Mdogo wangu, tope ni la mwenye kufika chini. Hicho kijiti chako cha mdomo kinafika wapi?"

Mwanamilia alikasirika sana, lakini hasira haijazi tumbo. Yeye mla kaa wadogo aliyajua mashimo yote, hata lile asilothubutu kuligusa.

"Kweli, kaka, mimi sifiki. Mfano lile shimo la pale mkokoni. Mwenyewe yuko chini kabisa, tena mnono."

"Mnono?"

Upanga hakungoja jibu. Chubwi! Mdomo ukazama mpaka machoni. Huko chini, kwach! Gando la kaa mkubwa likaubana.

Akavuta, kaa akabana. Akavuta tena, kaa akazidi. Na maji nayo, shwaa, shwaa, yakaanza kujaa.

"Nitoe, dada," alisema kwa pua, maana mdomo haukuwa wake tena.

"Nikutoe kwa kijiti hiki?"

Maji yakamlowesha vidole, kisha yakakaribia macho. Upanga akaogopa kweli.

"Nusu ya tope ni yako!"

"Apa mbele ya hawa yangeyange."

Ndege hao weupe walikuwa juu ya mizizi ya mikoko, hoi kwa kicheko. Upanga akaapa.

"Haya, acha kuvuta. Kaa humbana anayevuta."

Ushauri ule ulimuuma kuliko gando, lakini alitulia. Kaa naye akachoka, akaachia. Upanga akaanguka kitako, pwaa!

Siku ya safari Mwanamilia aliruka mbele, mnene, akipiga mbinja. Upanga alimfuata, mdomo umevimba.

Mdomo mrefu hufika chini, wanangu, lakini akili hujua chini kuna nani.