Hondohondo Walivyogawana Tundu

Paukwa.

Pakawa.

Mko macho?

Tu macho.

Na anayesinzia je?

Mpe mgongo, tuendelee.

Basi sogeeni. Hapo kale, kale hasa, kulikuwa na hondohondo wawili, mume na mke. Mume jina lake Shekuwe, mdomo mrefu, na maneno marefu kuliko mdomo. Mke jina lake Mwanamvua, mpole, lakini si mpole wa kukanyagwa.

Hondohondo wana mila yao. Mke akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti. Mume huleta udongo, mke huukandika mlangoni kutoka ndani, mpaka ubaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani mke hujing'oa manyoya ya mbawa akawatandikia watoto. Haruki, hatoki. Mume huenda mkuyuni, akarudi na makuyu, akatia mdomo kwenye ufa: pokea. Akaenda, akarudi: pokea. Akaenda, akarudi: pokea.

Mwanamvua akakaa humo. Akalalia mayai, akaangua, akalisha, akawafunza makinda kugeuza makalio kwenye ufa wanye nje, wasichafue nyumba. Walipokomaa wakabomoa mlango, wakaruka, hao. Hata kuaga hawakuaga. Watoto mnawajua.

Siku hiyohiyo Shekuwe akachungulia ndani. Akamwona mkewe amenona, mbawa zake tupu kama vijiti. Akajitazama mwenyewe, amekonda. Moyo ukamchafuka. Akasema amechoka kumlisha mtu wa kukaa tu, akatoa talaka palepale juu ya tawi, kisha akamwambia ahame kabla jua halijatua, maana kila kilichomo humo kimepita kwenye mdomo wake yeye.

Mwanamvua akatazama juu, mawingu ya masika yanajikusanya. Akatazama chini, Kanu, yule mnyama kama paka, mla ndege, amejilaza kwenye majani kama hana habari, jicho moja wazi. Na mbawa hana. Akitoka leo, leo hiihii ni kitoweo.

"Talaka nimeipokea," akasema. "La kuhama, aitwe Bi Pimbi."

Bi Pimbi ndiye aliyeamua mambo ya ndoa msituni. Ameolewa na kuachika mara nyingi, kwa hiyo kazi aliijua. Akaja anapanda mti huku anahema, jani mdomoni. Akamuuliza Shekuwe anataka mali igawanywe vipi.

"Bi mkubwa, mimi si dhalimu," Shekuwe akasema. "Kila mtu atoke na alichokuja nacho. Makuyu nilileta mimi. Udongo nilileta mimi. Basi nyumba yangu. Yeye alileta nini? Manyoya. Ayachukue yote, simnyimi hata moja."

Mwanamvua machozi yalikuwa karibu. Halafu akalisikia lile neno vizuri, yakarudi yalikotoka.

"Nimekubali," akasema. "Nilikuja naruka, nitoke naruka."

Bi Pimbi akaacha kutafuna. "Shekuwe mwanangu, umesikia. Uliyemchukua kwao alikuwa na mbawa. Manyoya hayo hapo sakafuni, mrudishie."

Shekuwe akacheka, akaona jambo dogo. Akayaokota manyoya, yamekanyagwa na watoto, mengine yananuka yanavyonuka. Akayabandika kwa udongo. Mwanamvua akajirusha: pu, kwenye tawi la chini. Manyoya yakabaki hewani yanaelea. Kanu akainuka, akaona tawi limemdaka, akalala tena. Bi Pimbi akamuuliza Shekuwe:

"Ameruka?"

"Hajaruka."

"Basi bado."

Shekuwe akayabandika kwa utomvu wa mkuyu. Mwanamvua akajirusha: pu. Kanu akainuka, akalala.

"Ameruka?"

"Hajaruka."

"Basi bado."

Shekuwe akayafunga kwa utando wa buibui, na buibui mwenyewe akiwa ndani analalamika. Mwanamvua akajirusha: pu. Kanu safari hii hakuinuka, akauliza tu kama kesi itachukua siku nzima.

Sasa Shekuwe ana udongo machoni, utomvu kifuani, unyoya umemganda puani. Akakaa chini. Akasema manyoya yale hayarudi tena, yameshaisha.

"Yameishia wapi?" Bi Pimbi akauliza.

"Kwa watoto."

"Na makuyu yako?"

"Kwa watoto."

"Watoto wa nani?"

Shekuwe akageuza uso. "Wetu."

"Sema tena, Kanu hakusikia."

"Wetu."

Bi Pimbi akatema jani. Akasema hiyo ndiyo hukumu, na aliyeitoa ni Shekuwe mwenyewe. Mmoja alileta kwa mdomo, mwingine kwa mwili wake, na vyote viliingia chungu kimoja. Kilichobaki ni tundu na mkuyu. Tundu ni la Mwanamvua. Mkuyu wagawane, na matawi yenye makuyu mengi achukue Shekuwe, kwa kuwa tundu amelikosa. Ila mpaka manyoya ya mwenzake yaote, udongo wa mlango na makuyu ya kula ataleta yeye.

"Na mimi nitalala wapi?" Shekuwe akauliza.

"Wewe una mbawa," Bi Pimbi akamwambia. "Katafute."

Ikawa hivyo. Shekuwe akaenda, akarudi: pokea. Alinung'unika, lakini alileta. Masika yakaja, yakapita, na asubuhi moja Mwanamvua akabomoa mlango, akaruka mpaka mkuyuni, akatua upande wake. Wakaamkiana vizuri, kila mtu akala kwake. Kanu alikuwa ameshahama, akilalamika kwamba talaka za siku hizi hazina faida.

Fundisho langu, wajukuu, ni hili: ukihesabu ulicholeta wewe, hesabu na alichopungukiwa mwenzio.

Bi Pimbi aliniuliza na mimi, siku nikiachana na babu yenu tutagawanaje. Nikamwambia tuna blanketi moja, na yeye hulivuta lote usiku kucha. Ndiyo maana bado nipo, sijui nianze kulidai wapi.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka akanawe miguu alale.