Ufunguo wa Nyumba ya Bwawa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu ambayo baadhi yenu mnaikumbuka, aliishi Tanga muuza mbao aitwaye Mzee Mbaruku. Alikuwa na wake watatu, na ndevu nyeupe alizozitunza kuliko mbao zake. Akajenga nyumba yenye bwawa la kuogelea. Wake wakawa wanakwenda huko kwa zamu, siku mbili mbili, kila mmoja akihesabu siku za mwenzake. Ufunguo alikaa nao mzee mwenyewe, na wote watatu waliutaka.

Siku moja mzee akatoka kuogelea bwawani, ndevu zimegeuka kijani.

Mji ulicheka, mzee hakucheka. Akaapa mbele ya wake zake kwamba atakayeyaponya maji yale, nyumba ni yake na ufunguo ni wake.

Bi Tunu, mke mkubwa, hakuwaza maji. Alimuwaza Bi Saumu, mke mdogo. Alisema yule mtoto amempaka mume dawa ya mapenzi. Akaingia banda la pampu kutafuta hirizi. Wivu ukamtambaza kwa magoti, mwanamke wa miaka sitini, mpaka nyuma ya mashine. Hirizi hakuiona. Aliona elbo ya shaba, ile kona ya bomba, imeota kutu na inavuja, na kutu yenyewe ni ya kijani kama zile ndevu.

Bi Mashavu, mke wa kati, alikuwa binti wa fundi bomba. Akazima pampu, akafunga maji, akaifungua elbo iliyoliwa, akaweka mpya, ya shaba vilevile. Maji yakatakata. Mwezi haujaisha, ile mpya ikaliwa. Akaweka nyingine, nayo ikaliwa. Kila mara mzee alikuwa naye bandani akimshikia spana, wakinywa kahawa, wakicheka. Siku mbili zikawa tano, zamu za wenzake zikamezwa. Mbona hakufunga ya plastiki, isiyoliwa? Alisema dukani imekwisha. Haya.

Bi Saumu alivisikia vile vicheko siku ya zamu yake, na moyo ukamuungua. Angenyamaza, mwenzake angeonekana hajui kazi, na siri ingebaki yake peke yake. Lakini vile vicheko hakuviweza. Akaingia bandani.

"Bwana, ni mimi," akasema. "Kila zamu yangu namimina tindikali kwenye tundu linalonyonya maji, ili bwawa ling'ae kuliko zamu za wenzangu. Inaingia bombani kali vilevile, haijachanganyika, inaitafuna hiyo shaba. Nikiacha, haitaoza tena. Sasa toka humo, leo zamu yangu."

Akaacha. Tindikali ikapimwa kwanza, ikachanganywa na maji mengi, ikamwagwa bwawani mbali na lile tundu. Elbo ya mwisho ikadumu. Ndevu zikaota nyeupe tena.

Mzee akatandika mkeka, akautoa ufunguo.

Bi Tunu akasema, "Bila mimi mngekuwa kwa mganga mpaka leo. Mimi ndiye niliyeona."

Bi Mashavu akasema, "Kuona kutu hakuondoi kutu. Mikono iliyochubuka ni hii. Mimi ndiye niliyetengeneza."

Bi Saumu akasema, "Mngebadilisha shaba mpaka kiama. Mimi ndiye niliyesema."

"Ulisema kwa kuwa uliharibu," akajibu Bi Tunu.

"Nawe uliingia bandani kunitafutia hirizi, dada. Na Bi Mashavu atueleze habari ya ile plastiki."



Mzee akageuza ufunguo huku, akaugeuza huku. Bi Tunu alikuwa amemlea tangu hana hata ubao mmoja. Bi Mashavu alikuwa amemrudishia kicheko. Bi Saumu alikuwa amejiaibisha mbele ya wenzake ili ampate siku moja. Kila mmoja alimtazama yeye, hakuna aliyeutazama ufunguo. Naye ameapa, na kiapo hakirudi. Akaunyoosha mkono, na mkono haukujua pa kwenda.

Haya, ninyi mnaosikiliza. Yuko aliyeona, yuko aliyetengeneza, yuko aliyeharibu kisha akasema kweli. Wote wivu ndio uliowatuma. Na wewe unayecheka huko nyuma, anza wewe kujibu, mkeo yupo hapo anakusikiliza: je, nani alistahili ufunguo?