Jina la Jirani

Aliyemwambia Mwajabu kwamba Jirani hakuwa na jina alikuwa Chiku. Alikuja asubuhi ya ukungu, siku ya tatu baada ya maziko, akaingia bila hata kupiga hodi.

"Shoga, unajua shehe kaniuliza nini? Jina la marehemu, apate kulitaja kwenye dua ya arobaini. Nikamwambia, Jirani. Akaniuliza, jirani wa nani?"

Walicheka kidogo. Wote walimwita Jirani kwa heshima, na kila mmoja alidhani mwenzake analijua jina lenyewe. Mtoto hamwulizi mtu mzima jina lake, na wazee walioweza kulijua walikwisha kufa.

Jirani alikaa chumba cha mwisho cha uwanja ule wenye michungwa, naye hakuzaa. Mama zao walipokwenda kukata mkonge kabla ya jua, yeye ndiye aliyewachana nywele wasichana watatu na kuwapa uji. Hakuwahi kuwaambia kwamba anawalisha. Alitoa kichwa mlangoni akalalamika, "Nimekosea kipimo tena, njooni mnisaidie." Kwa miaka kumi na zaidi hakupatia kipimo hata siku moja.

Wasichana hao walikuwa Chiku, Tatu na Mwajabu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Chiku alijaliwa sikio. Sauti ikimwingia mara moja, haitoki.

Tatu alijaliwa miguu. Angeweza kutembea tangu alfajiri hadi magharibi, akafika akiuliza kama kuna kuni za kupasua.

Mwajabu alijaliwa vidole. Maneno kwake yalikuwa machache, hata kuagiza chumvi dukani aliona haya, lakini ukimpa miyaa ya mkindu atakusukia mkeka ambao utaona huruma kuukanyaga.

Jioni ile walikaa chini ya michungwa iliyokuwa imechanua, harufu ikiwalewesha. Chiku akafumba macho. Akaanza kuimba ule wimbo wa kubembelezea, kwa sauti ya Jirani hasa, hata Mwajabu akageuka kutazama chumba cha mwisho.

"Lala mwana lala, Mlalizi kuna mvua, maji yapiga mawe..."

"Mlalizi!" Tatu akashtuka. "Si neno la wimbo tu. Ni kijiji, juu kule, ukishapita mashamba ya chai."

"Basi kwao ni huko," Chiku akasema. "Nani ataenda?"

"Nani tena? Miguu hii."

"Na mimba ya miezi mitano?"

"Tutaenda wawili."

Mwajabu akamshika Tatu mkono amngojee. Aliomba siku nne. Tumbo lake mwenyewe lilikuwa limeshuka, karibu kujifungua, lakini aliketi akasuka kijikeka kidogo, akakifunga ukingo kama Jirani alivyomfundisha, kwa kukunja mwaa mara mbili kwa ndani. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Akampa Tatu.

"Waonyeshe," alisema.

Tatu alitembea siku mbili. Ukungu wa Mlalizi ulikuwa mzito kiasi kwamba watu waliamkiana bila kuonana. Siku mbili nyingine alipita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za msichana aliyehama zamani. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyeondoka mwaka wa njaa kubwa. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kikongwe asiyeona, Bi Mwanamvua. Tatu akampa kijikeka. Vidole vya yule bibi vilitembea ukingoni, vikasimama.

"Huu ni mkono wa mama yetu," akasema. "Alitufundisha wawili tu, mimi na mdogo wangu Mwanjaa. Yuko wapi?"

Tatu akamwambia.

Bibi alikikumbatia kijikeka kifuani. "Alijaliwa watoto?"

"Watatu," Tatu akajibu.

Tatu aliporudi, alimkuta Mwajabu ana binti wa siku sita. Walilisema jina lile kwa zamu, polepole, kama wanaoonja kitu. Mwanjaa. Mwanjaa. Lakini desturi ya mtaa ule ni kwamba jina la marehemu hupewa mtoto mmoja tu, naye hukaa nalo peke yake maisha yake yote.

"Niwekeeni mimi," Chiku akasema. "Nisingekumbuka wimbo, mngeelekea wapi? Nina miaka tisa kwenye ndoa. Mungu akinipa mtoto, hilo ndilo jina ninaloliomba."

"Jina linawekwa kama akiba ya unga?" Tatu akadakia. "Mimi nimelifuata mlimani. Na lilipotajwa tu, huyu akaruka tumboni, mara ya kwanza."

"Akitoka dume utamwita Mwanjaa?"

"Dume lako wewe!"

Walicheka, ila macho ya Chiku yalikuwa yamejaa machozi. Mwajabu alimtazama mwanawe. Bila vidole vyake, jina lingebaki ndani ya ukungu. Na wake alikuwa amekwisha fika duniani, kesho ni siku ya saba, siku ya kupewa jina. Alitamani kulisema hilo, midomo ikagoma.

Alasiri alisinzia na mtoto kifuani. Akamwona Jirani ameketi kizingitini, anakunja mwaa. "Nimpe nani?" akamwuliza. Jirani akacheka tu, akaukunja tena kwa ndani.

Kesho yake asubuhi, Mwajabu alimwogesha binti, akamfunga kanga safi, akatoka naye uwanjani kabla mashangazi wa mtoto hawajaja kumchukua. Chiku na Tatu walikuwa wamekaa mkekani bega kwa bega. Akamlaza mtoto mapajani mwa Chiku, akauchukua mkono wa Tatu akauweka juu ya mtoto, kisha akaketi nao. Shehe, aliyekuja kumpa mtoto jina, akainama. "Huyu anaitwa nani?"

Haya, nyinyi mlionisikiliza. Mmoja alikumbuka wimbo, mmoja akapanda mlima, mmoja akafunga ukingo, na mama yao alikuwa mmoja. Shehe ameinama, mtoto anapiga miayo, watatu wanatazamana. Mngekuwa pale mkekani, mngemjibu nini?