Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Kidawa

Hapo zamani, na msinikatize kuniuliza zamani ipi, maana ni zamani ambayo zahanati ilikuwa imeshajengwa na redio zilikuwa zinaimba, palikuwa na kijiji cha bondeni kikiitwa Kwembiru. Aliyekuja na masikio asikilize. Aliyekuja kusinzia, mlango ule pale. Nitawapa kisa, na mwisho mtanipa jibu, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshindwa.

Kwembiru aliishi Mhina na mkewe Mashavu. Waliomba mtoto miaka sita. Mwaka wa saba Mungu akawapa, msichana, wakamwita Kidawa. Mkunga wao alikuwa Bi Nyange, mwanamke aliyezalisha nusu ya kijiji na kuwatukana wote wakati wa kuwazalisha. Siku hiyo hakutukana. Alimgeuza mtoto, akatazama macho yaliyopanda kidogo pembeni, akashika shingo iliyolegea, akafungua kiganja na kukuta mstari mmoja tu umekikata katikati. Akamfunika.

Mhina akauliza, "Mbona umenyamaza, bibi?"

"Mtoto huyu hatatembea," akasema Bi Nyange. "Hatasema. Na mwaka hatafika. Nimeshawaona wa namna hii."

Sasa, watu wa Kwembiru wana desturi yao. Siku ya arobaini mtoto hutolewa nje, hupitishwa mapaja kwa mapaja, na kila mwanamke lazima aseme mtoto kafanana na nani. Huyu kachukua pua ya babu, huyu paji la shangazi. Ni furaha kubwa, kwa mwenye mtoto asiye na neno. Mashavu alizihesabu siku zile kama mgonjwa anayesubiri kisu. Aliona haya. Nasema wazi: aliona haya kwa mtoto wake mwenyewe, kisha akaona haya kwa kuona haya. Alimnyonyesha akiwa amegeukia ukuta.

Siku ya thelathini na nane Mhina akasema, "Mama Kidawa, dada yangu Mwanjaa yuko mlimani, mjane, hana mtoto. Tumpelekee. Hapa tutasema degedege."

"Tutasema amekufa?"

"Bi Nyange kasema hafiki mwaka. Sisi tunatangulia kusema tu. Wewe unasemaje?"

Mashavu alikuwa na mdomo, msidhani hakuwa nao. Mwanamke yule alikuwa akigombana na wauza dagaa mpaka wanamwongezea bila kuombwa. Lakini siku ile akasema, "Wewe ndiye mwenye nyumba."

Basi wakafanya. Mhina akampeleka mtoto mlimani ndani ya kapu la muhogo. Bi Nyange akakata kipande cha mgomba urefu wa mtoto, akakiosha kama anavyooshwa maiti, akakivika sanda. Wanaume wakaswali bila kujua wanaswalia nini, wakazika. Matanga yakaliwa siku tatu, wali kwa kunde. Mashavu akakaa mkekani akipokea pole huku maziwa yakimlowesha kanga, na wenzake wakalia zaidi kwa kuyaona yale maziwa. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," wakasema. Mashavu akainamisha kichwa. Wakadhani ni huzuni.

Miaka miwili baadaye akazaliwa Hadia, macho yake hayana neno. Siku ya arobaini akapitishwa mapaja yote ya Kwembiru.

Haya, twendeni mlimani.

Mhina alipomkabidhi dada yake kapu alisema, "Dada, mtunze mpaka Mungu amchukue. Ni mwaka tu."

"Na asipomchukua?" akauliza Mwanjaa. Lakini Mhina alikuwa ameshashika njia ya kuteremka.

Mungu hakumchukua. Mtoto hakuweza kunyonya vizuri, ulimi ulimzidi mdomo, basi Mwanjaa akamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko, tone kwa tone, mchana kutwa. Kisha akamfunga mgongoni akaenda zahanati. Muuguzi akampima, akamsikiliza moyo, akasema, "Mama, hakulogwa huyu, wala si laana ya mtu. Ndivyo alivyoumbwa tangu tumboni. Kuna vitu katika maumbile ambavyo mimi na wewe tunavyo viwili, yeye anavyo vitatu. Atachelewa kutembea, atachelewa kusema. Lakini kuchelewa si kutofika. Mfundishe jambo moja mara mia, na kila baada ya miezi mitatu mlete nimsikilize moyo."

"Mara mia tu?" akauliza Mwanjaa, maana alikuwa amejiandaa kuambiwa makubwa zaidi.

Akamfundisha kukaa, mara mia. Akamfundisha kusimama, mara mia. Mwaka wa tatu Kidawa akatembea, akaanguka, akacheka, akatembea. Akamfundisha kujifunga kanga, mara mia, na ya mia na moja Kidawa akajifunga mwenyewe, akakataa kuivua hata kuoga. Akamfundisha kuchambua iliki, kijani huku, njano kule, mpaka wenye mashamba wakawa wanamwita yeye kwa jina. Maneno yake yalikuwa machache na mazito ulimini, mgeni ilimbidi asikilize mara mbili. Mwanjaa hakukubali kuitwa mama. "Mimi shangazi yako," alisema. "Siibi cha mtu." Na watu wa mlimani, pamoja na umbea wao wote, hawakuuliza hata siku moja: kama huyu ni shangazi, baba ni nani?

Mnanifuata? Vizuri. Sasa hapa panauma.

Kidawa alipokuwa na miaka saba, Mashavu alikwenda kwenye gulio lililo katikati ya bonde na mlima. Akiwa ameinamia nyanya, akahisi ncha ya kanga inavutwa. Akageuka. Mtoto wa kike, macho yamepanda pembeni, kanga kajifunga mwenyewe, anamwambia, "Shikamoo." Mashavu akamjua pale pale. Na wanawake wawili wa Kwembiru walikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, wanachagua vitunguu. Mashavu akaichomoa kanga kwenye vidole vya mtoto, kidole kimoja kimoja, akasema, "Nenda kwa mama yako."

Mtoto msikivu, akaenda. Akaenda akakaa miguuni pa Mwanjaa.

Miaka miwili jambo hilo lilimla Mashavu. Akila, analiona. Akimsuka Hadia nywele, analiona. Mwisho akapanda mlima, akabisha hodi kwa Mwanjaa.

"Wifi, nimekuja kumchukua mwanangu."

"Mwanao si ulimzika?" akasema Mwanjaa kupitia ufa wa mlango. "Nilisikia mlikula wali kwa kunde. Huyu wa kwangu hana mama." Akatia komeo.

Mashavu akateremka analia. Na aibu iliyo kubwa kuliko zote ni hii, ambayo hakumwambia mtu: alipofika nusu ya njia, aliona afadhali.

Miaka ikaenda. Hadia akawa mwali, akapata mchumba wa heshima zake, washenga wakaja kuposa. Na wahenga waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuijua Kwembiru, maana huko watu waliumbuliwa na posa. Desturi yao ni kwamba mdogo haposwi mpaka mkubwa apewe kanga na kuulizwa, "Unampa mdogo wako njia?" Hadia alihesabiwa wa kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeleta kanga. Washenga wameketi, pilau imefunikwa, mzee wa posa anakohoa aanze, mara mlangoni akaingia Mwanjaa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, haoni mbele. Mkono ameuweka begani kwa mwanamke kijana aliyemwongoza hatua kwa hatua, akimwambia, "Kizingiti, shangazi. Sasa mkeka."

"Mnaposa mdogo," akasema Mwanjaa. "Mkubwa mmempa kanga gani?"

"Mkubwa yupi?" wakauliza washenga.

"Huyu. Kidawa binti Mhina."

Mtu mmoja akasema, "Kidawa yuko makaburini."

"Kachimbeni. Mtakuta mgomba, kama haujaoza."

Hadia akamgeukia mama yake, na mama yake hakuweza kumtazama.

Mwanjaa akaendelea, "Macho yangu yamekwisha. Nimekuja kumkabidhi. Lakini simkabidhi kwa mtu kabla sijajua ni nani aliyemtupa. Semeni mmoja mmoja, na mbele ya wageni wenu."

Mhina akasema, "Niliamua mimi, sikatai. Lakini niliamua kwa neno la mkunga. Na sikumtupa porini, nilimpa damu yangu mwenyewe. Kila mavuno nimeleta gunia la mahindi mlangoni kwako, dada."

"Mlangoni," akasema Mwanjaa. "Hukuingia hata mara moja."

Bi Nyange, mzee sasa, akasema, "Mimi sikudanganya, nilikosea. Nilizalisha watatu kama yeye kabla yake. Hakuna aliyefika mwaka."

"Walikufa kwa maradhi, bibi, au kwa kutolishwa, kwa sababu ulishasema watakufa?"

Bi Nyange akawahesabu wale watatu kwa vidole, kisha akaanza upya.

Mashavu akasema, "Na wewe wifi. Nilikuja. Ulinifungia mlango."

"Nilifunga," akasema Mwanjaa. "Niliogopa utamchukua. Na niliogopa zaidi kwamba utamchukua kisha utamrudisha. Kwa hiyo nami nimo, sijitoi."

Ikabaki zamu ya Mashavu. Alijua angeweza kusema, nilikuwa chini ya mume. Wanawake wote pale wangemwelewa, wengine walishaanza kuitikia kwa vichwa. Akasema, "Mimi sikulazimishwa. Niliulizwa nasemaje, nikaogopa mapaja ya wenzangu. Na gulioni alinishika kanga, nikamwambia aende kwa mama yake. Uliponifungia mlango, wifi, niliona afadhali." Akajifunika uso kwa kanga mbele ya wakwe watarajiwa, na hakuna aliyemwambia pole.

Wakati wote huo Kidawa hakuwa amekaa. Mlimani kwao wageni hawaachwi na chakula mbele yao bila kunawishwa. Alichukua birika na beseni, akapita kwa kila mtu, akimimina na kusubiri mkono wa pili. Mhina alipofikiwa akasema, "Kidawa, mwanangu, kuanzia leo utabaki hapa kwetu."

Kidawa akafikiri. "Na shangazi?" akauliza. "Nani atampikia?"

Watu wazima wote walikuwa wamebishana ni nani aliyemtupa yeye. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya kipofu.

Akaendelea kunawisha. Akafika kwa Mashavu, akangoja mpaka kanga ikashuka usoni, akammiminia maji, na machozi ya Mashavu yakadondokea beseni. Kidawa akaweka birika chini. Akamtazama kwa muda mrefu, kwa sababu yeye hana haraka, kisha akamuuliza polepole, neno moja moja, ili aelewe:

"Unalia. Wewe ni nani?"

Watu wanne wakafungua midomo kwa pamoja, na wanne wakasita. Mhina, aliyemwondoa katika nyumba aliyozaliwa. Bi Nyange, aliyemvika mgomba sanda yake. Mwanjaa, aliyemlea bila kumdanganya na bila kumwambia. Na Mashavu, aliyemzaa, akamlilia mbele za watu, na leo anasubiri kuitwa. Kila mmoja ana haki yake na kila mmoja ana doa lake, na yule binti bado amesimama, anangoja jibu.

Msinitazame mimi, nilishawaambia nimeshindwa. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili kumjibu?