Kiti cha Kulia kwa Mlango

Waliohudhuria kikao cha kamati ya harusi walikuwa hawa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Togolani Kazeni Mchome, ambaye watu wa Mwanga walizoea kumwita Togo, lakini jina lake ni Togolani. Katibu alikuwa Mwalimu Anaeli Msuya, mstaafu. Alikuwepo Bi. Nambike Kazeni, dada yake mwenyekiti. Alikuwepo Bi. Penieli, mjane wa marehemu Elieza Kazeni Mchome, ambaye alikuwa mdogo wake mwenyekiti. Mhazini alituma udhuru. Wa mwisho, karibu na mlango wa jikoni, alikuwa Namsifu Elieza Mchome, binti wa Bi. Penieli na bibi harusi mtarajiwa. Yeye hakuwa mjumbe. Alikuwa ameleta chai, akabaki.

Kama unaye binti au mjukuu ambaye kamati yake imeanza kukaa, msomee habari hii, au umtumie aisome mwenyewe.

Mzee Togolani alifungua kikao kwa sala, kisha akasema mambo ni mepesi. Ndoa yenyewe ilikuwa kazi ya upande wa bwana harusi, Zablon Mgonja. Kazi ya kamati hii ilikuwa sherehe ya kumuaga binti na kumkabidhi kwa wakwe. Sherehe hiyo ingefanyika Moshi, mwezi wa Desemba, katika ukumbi mpya ambao kila mtu alikuwa anausifu.

"Desemba ndugu wote wanapanda kutoka Dar es Salaam," alisema. "Ukumbi nimekwisha kuuona. Una taa za kila rangi. Mwalimu, andika."

Mwalimu Anaeli akaandika.

"Baba mkubwa," Namsifu alisema, "naomba kuuliza."

"Uliza, mama."

"Siku hiyo nani atanifunga kanga?"

Wajumbe walitazamana. Katika nyumba ya marehemu Kazeni Mchome, binti anayeolewa haondoki mpaka afungwe kanga kiunoni na bibi wa nyumba, akiwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba ile ya Usangi, juu milimani. Bi. Nambike alifungwa hivyo. Shangazi zake kabla yake walifungwa hivyo. Bibi wa nyumba alikuwa Bibi Naetwe, mama yake Mzee Togolani. Alikuwa amevunjika nyonga, na kona za ule mlima hakuweza tena kuzivumilia ndani ya gari.

"Nitakufunga mimi," Bi. Nambike alisema. "Mikono ninayo."

"Mikono unayo, shangazi. Lakini wewe si bibi wa nyumba, na Moshi hakuna kizingiti cha babu."

"Labda tukibebe," Mwalimu Anaeli alisema, akacheka peke yake.

"Tutampigia mama simu ya picha," Mzee Togolani alisema. "Ukumbi una skrini kubwa. Ataona kila kitu, na watu watamwona."

"Watamwona kama tangazo la sabuni," Bi. Nambike alisema.

Namsifu aliweka birika chini. "Baba mkubwa, naomba tufanye Agosti. Usangi, uani kwa bibi."

Mzee Togolani alikuwa ameongoza kamati nyingi za harusi, na hakuna hata moja iliyoharibika mikononi mwake. Alijibu taratibu, kama mtu anayemwelewesha mgeni.

"Agosti Usangi kuna baridi. Ukungu unashuka mchana. Watu wa Dar hawatapanda. Tena bibi harusi hapangi tarehe. Kazi yake ni kula, kulala na kupendeza."

"Kupendeza naweza hata Agosti."

"Namsifu," mama yake alisema, "usibishane na baba yako."

"Sibishani, mama. Naomba."

"Unaogopa bibi hatafika Desemba," Mzee Togolani alisema. "Sema tu."

Ni kweli ndivyo Namsifu alivyofikiri, na kila aliyekuwa pale alifikiri hivyo hivyo. Bibi Naetwe alikuwa mzee kuliko mtu yeyote wa kijiji chake.

"Twende tukamuulize mwenyewe," Mzee Togolani alisema. "Akisema Desemba atashuka Moshi, habari ya Agosti imekwisha."

"Imekwisha," Namsifu alikubali.

Walipanda Usangi siku ya Jumamosi, Mzee Togolani, Bi. Nambike na Namsifu. Bibi Naetwe alikuwa ameketi ndani, karibu na dirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja wote, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Tumekuja kwa habari ya harusi."

Mzee Togolani alieleza habari yote kwa haki, upande wake na upande wa Namsifu. Hakuficha neno. Bibi Naetwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Desemba nitakuwepo," alisema. "Nitakuwepo hapa. Moshi siendi. Gari lile la mwisho lilinirudisha nimekunjwa kama godoro."

"Lakini Agosti ni mapema, mama."

"Mapema kwa nani? Namsifu, wewe uko tayari?"

"Niko tayari, bibi."

"Na mchumba wako?"

"Zablon amesema hata kesho."

"Huyo ana haraka mpaka inatia aibu," Bi. Nambike alisema.

"Mimi niko tayari tangu Pasaka," Bibi Naetwe aliendelea. "Togolani, Agosti utakuwa unaumwa?"

"Mimi? Mimi ni mzima, mama."

"Utakuwa umesafiri?"

"Sisafiri."

"Basi wote tunaotakiwa tupo. Tunasubiri nini? Taa?"

Mzee Togolani alichukua kofia yake akatoka nje. Namsifu alimfuata mpaka uani.

"Fanyeni Agosti," mzee alisema bila kugeuka. "Lakini kamati yangu ni ya Desemba. Hiyo ya Agosti simo."

"Na nani atanikabidhi?"

"Wanaopanga ndio wakabidhi."

Hapo Namsifu aliona uzito wa jambo lenyewe. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Anayemkabidhi binti badala ya baba ni kaka mkubwa wa baba, na Elieza hakuwa na kaka mwingine. Alikuwa amempata bibi, na kwa kumpata bibi alikuwa karibu kumkosa baba mkubwa. Binti mwingine angeacha mojawapo. Namsifu aliamua kuwapata wote wawili.

Kamati haikukaa tena. Waliofanya kazi ni Namsifu, mama yake na shangazi yake, na walifanya hivi.

Kwanza Namsifu aliazima viti vichache kwa jirani, akavipanga uani saa zile zile ambazo sherehe ingefanyika. Akakaa kwenye kila kiti kwa zamu. Aligundua upande wa migomba unapigwa na upepo, na upande wa zizi unapigwa na jua la usoni. Viti vya wazee akavihamishia karibu na ukuta wa nyumba.

Kuhusu ukungu, hakubishana nao. Alipanga sherehe ianze saa nne asubuhi na imalizike kabla ya saa tisa. Waliozoea kufika wamechelewa aliwaambia ni saa tatu. Wasemaji aliwaruhusu watatu tu, na aliwafuata mmoja mmoja majumbani kuwaambia wajiandae kwa maneno machache.

Chakula alichagua kile ambacho wanawake wa Usangi wanaweza kukipika wakiwa wanapiga soga. Kulikuwa na keki moja ndogo, na hakuna aliyeilalamikia. Alimwagiza fundi apandishe pindo la gauni lisifagie udongo. Viatu vya kisigino kirefu alivirudisha dukani, akachukua vya chini. Alihakikisha njia ya chooni imemwagwa changarawe, kwa sababu wageni wazee hawaji mara ya pili mahali walipoteleza. Magari yalipangiwa kuishia shuleni, na gari moja dogo lenye nguvu lingewapandisha wazee kutoka pale.

Mapambo aliyaacha mwisho. Zamu yake ilipofika, ua ulikuwa umekwisha kufyekwa na kufagiliwa, na yalihitajika machache tu.

Kazi ngumu kuliko hizo aliifanya Jumapili. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda nyumbani kwa Mzee Togolani, Mwanga.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

"Kiti chako nimekiweka kulia kwa mlango wa bibi. Hakipigwi jua wala upepo."

"Nimesikia."

Jumapili iliyofuata alikwenda tena. "Baba mkubwa, kile kiti kilikuwa kinayumba mguu mmoja. Nimekibadilisha."

"Sijasema nakuja."

"Ndiyo, baba mkubwa. Mto niweke, au nisiweke?"

Mzee Togolani alikunywa chai yake yote. "Weka," alisema. "Lakini sijasema nakuja."

"Asipokuja utafanya nini?" mama yake alimuuliza siku moja wakiwa wanachambua mchele.

"Kiti kitakuwa pale, na mimi nitasubiri."

"Na ukungu ukishuka?"

"Tutakuwa na mashuka na mablanketi, mama. Nimekwisha kuyaazima."

Siku ilifika. Hewa ilikuwa baridi lakini kavu. Wakwe walikuja kwa wakati, na Zablon alikuja kabla yao, jambo ambalo Bi. Nambike alilisema mbele ya kila mtu. Watu wa Dar waliokuja walikuwa wachache. Watu wa Usangi walijaza nafasi zao zote. Walikula, wasemaji watatu wakasema, na hakuna aliyezidisha.

Ikabaki kanga na kukabidhi. Bibi Naetwe alitolewa kwenye kiti chake akasimama mlangoni, ameshikwa huku na huku, kanga begani. Namsifu alisimama kwenye kizingiti. Kiti cha kulia kwa mlango kilikuwa kitupu, na mto juu yake.

Mwalimu Anaeli, ambaye siku hiyo alikuwa mshereheshaji, alimsogelea. "Binti, ukungu umefika kanisani. Shangazi yako anaweza kukukabidhi."

"Tutasubiri, Mwalimu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka afike."

Mshereheshaji alimtazama Bibi Naetwe, akitumaini msaada. "Amesema mnasubiri," bibi alisema. "Imbeni kitu."

Waliimba. Walikuwa kwenye wimbo wa pili Mzee Togolani alipotokea kwenye njia ya shuleni, amevaa suti nyeusi, anatembea kwa miguu. Dereva wa lile gari dogo alikuwa nyuma yake, anaendesha polepole kama msindikizaji.

"Amekataa kupanda," dereva alieleza. "Anasema gari la wazee si lake."

Mzee Togolani aliwasalimu wakwe, akamsalimu mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye kiti. Alikitikisa kwa mkono, kisha akakaa.

"Kweli hakiyumbi," alisema.

Bibi Naetwe alizungusha kanga kiunoni mwa Namsifu. Fundo ndilo lililomshinda. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na kila alipovuta ncha moja, nyingine iliteleza. Hakuna mwanamke aliyethubutu kuingilia, kwa sababu fundo ni la bibi wa nyumba. Ndipo Mzee Togolani alipoinuka, akapiga goti mbele ya kizingiti na suti yake, akashika ncha moja ya kanga ikatulia.

"Vuta, mama."

Bibi akavuta. Fundo likakaza.

Mzee Togolani alisimama, akamshika Namsifu mkono, akampeleka mpaka mbele ya Zablon na wazazi wake.

"Zablon Mgonja," alisema, akilitaja jina lote, "huyu ni mtoto wa Elieza. Ana kichwa kigumu. Mimi nimejaribu, nimeshindwa. Sasa ni zamu yako."

Watu walicheka, na Bi. Penieli alifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Ukungu ulipofika uani ulikuta viti vimekwisha kukusanywa.

Kabla hajaondoka, Mzee Togolani alimwita Namsifu pembeni. "Ile njia ya chooni," alisema, "changarawe imetosha. Mimi nisingeikumbuka."

Desemba ilipofika, ndugu wa Dar es Salaam walipanda kama kawaida yao. Walimkuta Bibi Naetwe ameketi nje, kwenye kiti cha kulia kwa mlango, mto mgongoni, anauliza ni nani amekumbuka kuleta sukari.

Mzee Togolani Kazeni Mchome alikuwa amefariki dunia mwezi wa Novemba.

Funzo: Binti unayepanga harusi, anza na watu wale ambao bila wao hutaki kukabidhiwa, ukiona wote wapo, usiwangojeshe kwa ajili ya ukumbi, wala usidhani unajua ni nani kati yao wa kuharakishiwa.