Sangara Aliyeimba Tupa Mbali

Haya, mvua imetufungia jikoni na muhogo bado haujaiva. Sogeeni. Nikisema "Ziwa!" ninyi semeni "Lijae!"

Ziwa!

*Lijae!*

Ziwa!

*Lijae!*

Nani huyo anaitikia kwa pua? Ziwa!

*Lijae!*

Limejaa. Sasa sikilizeni, na mtu asiniulize ni ziwa gani.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakawaelewa, palikuwa na mwanamke jina lake Kabula. Mumewe alifariki akamwachia vitu viwili: mama mkwe asiye na jino hata moja, na jiwe la kuvulia. Jiwe lilikuwa pale mwaloni, wavuvi wanapotua na samaki wao. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. Mwenye jiwe alikula samaki. Asiye na jiwe alizunguka na bakuli akiomba vichwa.

Na mwalo ulikuwa na sheria. Jiwe lisilotoa samaki mkubwa katika mvua tatu kubwa, mwenyewe ananyang'anywa, na jiwe anapewa mwombaji wa kwanza, yaani aliyetangulia kuliomba. Mwamuzi alikuwa Kiboko. Mwombaji wa kwanza alikuwa nani? Kenge! Na Kenge hakujua kuvua. Alitaka jiwe aanike tumbo lake juani, basi. Mimi kenge simpendi, nawaambia mapema.

Ikaja mvua ya kwanza. Kabula akachukua mshipi wa pima ishirini, akatia chambo kwenye ndoana, akapanda jiweni. Mara akasikia wimbo kutoka majini:

"Tupa mbali, mama, tupa mbali!
Wadogo wako karibu, wakubwa wako mbali,
Tupa mbali!"

Aliyeimba alikuwa Sangara, mkubwa kuliko samaki wote wa ziwa lile. Mdomo wake ungemeza chungu kizima, na kuufunga hakujua. Kabula akasema, "Ahsante, mzee wa majini," akatupa mbali. Akangoja. Mvua ikampiga mpaka vidole vikakunjamana. Hakupata hata furu mmoja, kisamaki cha urefu wa kidole.

Akarudi nyumbani. Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, umeleta nini?"

"Nimeleta baridi, mama."

"Baridi haipikiki, mwanangu."

Huku nyuma Kenge akapanda jiweni, akajipima. "Hapa kichwa, hapa tumbo, hapa mkia. Patanitosha."

Ikaja mvua ya pili. Kabula akaunga mshipi ukawa pima thelathini. Akapanda jiweni. Sangara akaimba:

"Tupa mbali, mama, tupa mbali!
Wadogo wako karibu, wakubwa wako mbali,
Tupa mbali!"

Kabula akatupa mbali kuliko mara ya kwanza. Akangoja mpaka meno yakagongana. Hakupata kitu.

"Mwanangu, umeleta nini?"

"Nimeleta kikohozi, mama."

"Kikohozi hakiliwi, mwanangu."

Na Kenge akajipima tena. "Hapa kichwa, hapa tumbo, hapa mkia. Jamani, patanitosha sana!"

Ikabaki mvua moja. Kabula hakulala vizuri hata siku moja. Alisokota katani mchana kutwa, akasokota mpaka viganja vikachubuka, mshipi ukafika pima hamsini. Akauviringisha, akautundika ukutani.

Kenge akauona, akaona jiwe linamponyoka. Angeweza kutulia tu, maana ushindi alikuwa nao mkononi. Lakini mwenye tamaa hatulii, si mnamjua? Kabula alipoinama kusonga ugali, Kenge akaingia kwa tumbo, nyororo nyororo, akaukata mshipi. Akaacha pima mbili tu, akaziviringisha juu ya kibunda cha majani ili kionekane kinene kama mwanzo. Akatoka kwa tumbo vilevile.

Ikaja mvua ya tatu. Hiyo haikunyesha, ilimwagwa! Wavuvi wote wakakimbilia majumbani. Kabula peke yake akapanda jiweni. Akakunjua mshipi: pima moja. Akakunjua: pima mbili. Akakunjua: majani.

Kabula akalia. Alilia kwa sauti, kwani nani angemsikia kwenye mvua ile? Akilini alimwona mama mkwe wake, mzee wa watu, akisimama na bakuli milangoni pa majirani.

"Tupa mbali, mama, tupa mbali!" Sangara akaimba.

"Sina mshipi wa kutupa mbali," Kabula akasema.

"Tupa mbali, mama, tupa mbali!"

"Nimekwambia sina!"

"Tupa mbali, mama, tupa mbali!"

Kabula akafuta machozi. Akajiuliza, "Ngoja kwanza. Mvua inapiga hivi, hata kilio changu mwenyewe sikisikii. Mbona huyu namsikia neno kwa neno?"

Akalala kifudifudi juu ya jiwe, akachungulia chini. Lo! Maji ya mvua yalikuwa yanashuka kutoka mashambani, mekundu kwa udongo, yamebeba nyungunyungu na kumbikumbi, yanamwagikia pale pale chini ya jiwe. Furu wamejazana wanagombania. Na chini ya furu, Sangara. Anameza, anaimba. Anameza, anaimba. Mvua zote tatu alikuwa hapo hapo, miguuni pa Kabula, na hakutaka ndoana iingie kwenye sahani yake.

Kabula akashika mshipi. Akalizungushia jiwe mwisho wa mshipi, akakaza fundo mara tatu. Pima moja ikabaki. Akaishusha ndoana taratibu, taratibu, taratibu.

Sangara akafungua mdomo aimbe. "Tupa mba..."

Neno halikuisha. Ndoana ilikuwa imeshaingia.

Akavuta kulia, jiwe likakataa. Akavuta kushoto, jiwe likakataa. Akavuta kwenda chini, jiwe likakataa. Mwisho akaruka juu, akaonana uso kwa uso na Kabula.

"Mama, si nilikuambia utupe mbali?"

"Uliniambia, baba. Ila uliniambia ukiwa hapa."

Akamkumbatia kwa mikono miwili, akambwaga juu ya jiwe. Halafu akacheka, peke yake mvuani, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Mvua ikakatika. Watu wakatoka. Kenge naye akaja na mkeka wake kwapani, na Kiboko nyuma yake akipiga miayo. Kenge akamwona Sangara, mkeka ukamdondoka.

"Si halali!" akapiga kelele. "Haiwezekani! Sangara huyu havuliwi kwa pima mbili!"

Kiboko akasimamisha masikio. "Pima mbili? Wewe umefika sasa hivi, na mshipi umelaliwa na samaki. Nani kakwambia ni pima mbili?"

Kenge akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatoa ulimi, akaurudisha.

"Jiwe ni la Kabula," Kiboko akasema. "La Kabula na la nyumba yake, mvua inyeshe isinyeshe. Na wewe Kenge, nisikuone juu ya jiwe lolote la mwalo huu."

Watu wakalipuka kwa vigelegele. Kenge akajitupa majini, chubwi! Hata leo, kenge akisikia hatua za mtu, hangoji salamu.

Kabula akamfikisha Sangara nyumbani kwa mabega ya wanaume wanne.

"Mwanangu, umeleta nini?" mama mkwe akauliza kutoka ndani.

"Toka nje uone, mama. Mlangoni hapiti."

Mama mkwe akatoka, akashika kiuno. Akasema, "Huyu sasa anapikika!" Akacheza ngoma pale pale, yeye na goti lake bovu, na mwalo mzima ukacheza naye. Mashavu ya samaki, nyama laini isiyotaka meno, alipewa yeye peke yake.

Basi wajukuu zangu, ninachowaambia ni hiki: mtu akikuhimiza sana uende mbali, tazama kwanza yeye mwenyewe amesimama wapi.

Mzigo wa hadithi nimeutua. Mwenye kichwa kigumu na aubebe hadi kwao. Mimi karamuni nilikuwepo, msinibishie. Ila nilikaa karibu na babu yenu huyu, akala minofu yote akaniachia miiba. Haya, geuzeni muhogo, unaungua.